Mkono wa Mama Yake

Nilikubali binti yangu asiende mpaka aolewe. Wazo lilikuwa la kaka yangu, lakini aliyesema "sawa" ni mimi.

Binti alikuwa amepata nafasi ya utafiti katika chuo kikuu cha ng'ambo. Kazi yenyewe alinieleza mimi kabla ya mtu yeyote, tumekaa jamvini tukichambua karafuu. Mama yake ana maradhi ya kutetemeka. Mkono ukilala mapajani ulitulia. Ukitaka kuitenga karafuu na konyo lake, kile kijiti kinachoishika, ulitikisika. Ubongo hutuma amri, binti alisema, mkono nao hurudisha habari, na ubongo husahihisha. Habari ikichelewa, sahihisho linapita kiasi upande huu, kisha linapita tena upande wa pili. Huko chuoni wangeuiga mwendo huo kwa hesabu ndani ya kompyuta, kisha watafute chombo cha kuvaa mkononi kitakachosahihisha kwa wakati. Nilielewa. Nilijiona mkubwa kwa kuelewa, mimi wa kidato cha nne.

Kaka alipokuja kwetu Shumba kuisikia habari hiyo, alisema mtoto wa kike hatoki peke yake kwenda kwa watu asiowajua. Mwanawe wa kiume alikuwa kazini Maskati. Akirudi amwoe binti yangu, ndipo binti aende. Binti akasema chuo kinamtaka muhula unapoanza.

"Chuo hakina miguu," kaka akasema. "Kitakimbilia wapi?"

Wanaume barazani wakacheka. Nami nikacheka. Binti alinigeukia mimi.

"Baba, wewe unasemaje?"

"Baba yako mkubwa keshasema."

"Sikumuuliza yeye."

Nikainama, nikawa nafunga kifungo cha kanzu ambacho kilikuwa kimeshafungwa. Kwetu mdogo hampingi mkubwa wake mbele za watu, na huyu ndiye aliyekwea mikarafuu ili mimi nisome. Nikasema sawa, asubiri.

Kijana wa Maskati aliahirisha safari, akaahirisha tena, mwisho akaoa huko huko. Kabla ya hapo mwalimu wa chuo alikuwa amempigia binti simu kumuuliza kama anakuja. Nilikuwa uani, nikamsikia akijibu kwa adabu kwamba wazazi hawajaridhia. Mama yake alikuwa ameridhia siku ya kwanza. Nafasi ikapewa mtu mwingine.

Mwaka huu, tukitoka mazikoni, nilimwambia kaka kwamba jambo lile bado linanichoma. Alisimama, akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka.

"Mbona hukukataa? Walii wake ni wewe. Ningekufanya nini?"

Nilitembea nyuma yake mpaka nyumbani.

Binti sasa anafundisha hesabu skuli moja Chake Chake. Ijumaa huja, humshikia mama yake kikombe cha chai anywe, hunifulia kanzu, huniamkia kwa heshima zote. Karibuni nilimwomba anieleze tena ile habari ya mkono.

"Nimesahau, baba," alisema, bila kuniangalia.

Hakusahau. Anavyoutazama mkono wa mama yake ukielekea kikombeni, najua hakusahau hata kidogo. Ila hanielezi tena kitu, si hicho wala kingine chochote kilicho moyoni mwake. Nina binti anayenitunza vizuri, na mazungumzo yake nimeyapoteza.