Isale Lilipokelewa Nikiwa Wodini

Mkono wake ulikuwa umenishika kifundo cha mguu. Mimi moramu, ule udongo wa changarawe wa kujengea barabara, ilinifukia mpaka kifuani, kichwa kiko nje, natema vumbi. Yeye alikuwa chini kabisa, haonekani hata ukucha, lakini mkono ulikuwa hai. Ulibana, ukalegea kidogo, ukabana tena, kama mtu anayekwambia nipo. Wanaume walikuja na makoleo wakaanza kunitoa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeonekana. Nikawaambia wachimbe huku chini, wifi ananishika. Wakaniambia nitulie, nisiongee, nitaishiwa pumzi. Walipofika kiunoni kwangu ule mkono ukaacha kubana. Nilijua wakati uleule. Wao walimfikia baadaye.

Wifi yangu huyo alikuwa dada wa mume wangu, wa tumbo moja. Ndoa yake ilimshinda, akarudi kwenye migomba ya mama yake, huku kwetu juu ya Tengeru, na ndiye aliyenipeleka machimboni nikiwa sijui hata kushika nyundo ya kupondea kokoto. Mimi niliishia darasa la nne. Yeye alimaliza la saba, na hakuchoka kunikumbusha.

Jumatatu moja tulikuwa tunaponda huku tunajadili mahubiri ya jana yake. Mchungaji aliuliza maisha mazuri ni yapi, halafu akajijibu mwenyewe, na hakuna kati yetu aliyeridhika na jibu lake. Mama mmoja alisema ni bafu lenye mlango. Mwingine akasema ni mume asiyekoroma, wakamuuliza sasa huyo wa kwake ampeleke wapi. Mimi nikasema ni mgongo usiouma. Wifi aligonga jiwe lake mpaka likapasuka, ndipo akasema:

"Ni kupita njia yoyote hapa kijijini bila kumkwepa mtu."

"Kwani wewe unamkwepa nani?"

"Mama. Nimevunja chupa yake ya chai, nimeificha nyuma ya kitanda."

Tulicheka mpaka wapakiaji wa upande wa pili wakasimama kutuangalia.

Sasa, machimboni kuna sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Mvua ikinyesha, hakuna mtu kuchimba ukutani mpaka mzee wetu mmoja, mchimbaji wa siku nyingi, apande juu na mtaimbo aangushe ule mdomo uliojitokeza. Hata lori litasubiri. Wiki ile mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Ukuta ulikuwa na ufa, kidole kinaingia. Mzee alikuwa amekwenda msibani, akaacha neno kwamba tuendelee na kokoto zetu, ukutani asiguse mtu hadi arudi.

Msimamizi wa machimbo ni mtoto wa baba mkubwa wa mume wangu. Tunaitana shemeji. Jina lake silitaji kwa ajili ya watoto wake, lakini kijiji kizima kinamjua, na yeye mwenyewe akisoma hapa atajijua. Asubuhi ile lilikuja lori la kupeleka moramu Sokon One, kwenye ujenzi. Dereva anapiga honi. Tajiri mwenye machimbo anafoka kwenye simu, tunamsikia hadi sisi tuliokaa mbali. Shemeji alikuwa anatoka jasho na baridi ile ya mlimani, na kweli nilimwonea huruma. Akaja pale tulipokaa mimi na wifi. Wenzetu walikuwa nyuma ya lundo la kokoto, nyundo zinalia, hawakusikia kitu. Akasema tuchukue karai, twende tukazoe ile moramu iliyokwisha kudondoka yenyewe chini ya ukuta. Nikamwambia mzee hajagonga.

"Mnazoa tu, shemeji," akasema. "Kuzoa kunaangusha mlima?"

Hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa letu sisi watu wa pale. Sheria tuliijua kuwa ni ya kuchimba. Kuzoa hatukuwahi kukuhesabu kama kuchimba. Halafu huyu alikuwa wa kwetu. Angekuwa mgeni, wifi angemtolea maneno mpaka akome. Kwa kuwa ni ndugu, alicheka tu, akakung'uta vumbi kwenye kanga, akatangulia. Mimi ufa niliuona. Nikamfuata. Kwa hiyo mkosaji mmojawapo ni mimi, na hilo siwezi kulikwepa.

Walimzika nikiwa wodini mjini, mguu umening'inizwa. Niliyapata kwa kusimuliwa. Shemeji alisimama mbele ya waombolezaji akasema yeye alikuwa kwenye lori, hakutuona, tumeingia wenyewe. Akasema ni tamaa ya akina mama. Kisha wazee wa upande wake wakaleta isale.

Jani hilo kwetu linapandwa mipakani, na aliyekukosea akija nalo kuomba msamaha hulikatai. Ukishalipokea, jambo limekwisha, halifunguliwi tena. Waliomba asamehewe kwa kutotuangalia vizuri. Mume wangu alilipokea kwa mikono miwili, kwa niaba ya nyumba nzima, na mimi nikiwemo. Hakuna aliyefika wodini kuniuliza.

Nilipomweleza mume wangu kilichotokea, alikaa ukingoni mwa kitanda changu akikunjakunja kofia yake.

"Ningejua," alisema. "Lakini nimeshapokea."

Yeye simlaumu. Alikuwa ametoka kumzika dada yake huku akisubiri kuambiwa kama na mimi nitakufa. Ninaowalaumu ni wazee wa ukoo. Nilipoweza kutembea nilikwenda kwao na gongo la chuma alilonichomelea fundi wa Ngarenaro. Nikawauliza, isale lile limesamehe nini? Maana kwa kutotuangalia ameomba. Kwa kututuma hajaomba. Mmoja akaniambia nisifukue, nitailetea nyumba laana. Wengine wakaendelea kunywa chai yao.

Ningeweza kunyamaza kama si mama mkwe. Kila tunapomenya ndizi ananiuliza binti yake alikosa nini pale nyumbani mpaka akafuate mawe chini ya ukuta mbovu. Anadhani alimnyima kitu. Anahesabu nguo aliyoomba asinunuliwe, siku aliyokuta chakula kimekwisha. Nimemwambia kwamba tulitumwa, nimemwambia na aliyetutuma. Ananishika mkono.

"Unanifariji tu, mwanangu," anasema. "Angetumwa, aliyemtuma angesema siku ya mazishi."

Basi maneno yangu kwake hayana kazi. Yanayohitajika ni ya yule aliyesema mengine.

Zamani nilidhani maisha mazuri ni mgongo usiouma. Sasa unaniuma mgongo na mguu pia, na kumbe mtu anaishi tu, anapika, anakwenda kanisani, anacheka siku nyingine. Kinachonishinda ni kumwona mama wa umri ule akijitafutia kosa asilolifanya. Na shemeji naye haishi. Amekonda. Akiliona gongo langu kwa mbali anaingia kwenye migomba ya watu kama anatafuta kitu. Nimemjua tangu naolewa. Ndiye aliyebeba sanduku langu siku ile, anatania kwamba limejaa mawe. Si mtu mbaya. Aliogopa tajiri, halafu akaogopa jeneza, na woga wa pili ndio uliotuumiza zaidi.

Kwa hiyo shemeji, sikupeleki polisi, wala sitaki mbuzi. Isale lako silirudishi. Mama mkwe yuko nyumbani kila siku, macho yamepungua lakini masikio yako vizuri. Njoo jikoni kwake, ukae kwenye kigoda, na wazee mliofunga jambo mje naye mkae mkisikiliza. Mimi sitafungua mdomo. Wewe, shemeji, mjibu mama huyu swali moja tu: asubuhi ile, nani alimwambia mtoto wake achukue karai?