Mtaro wa Darasa la Tano

Juzi tulikuwa tumekaa Kisumu, chumba kina feni inayolia, walimu tunaandika mtaala wa kuwafundisha watoto kufikiri. Tulipofika kwenye safu ya jibu la mwalimu, kalamu yangu ikagoma. Nilikuwa nimeyakumbuka matope ya shule yetu, kule Nyakach, karibu na Pap Onditi.

Kama unaijua Nyakach ya masika, rafiki yangu, unajua ule udongo mweusi unavyokuvua kiatu. Kila mvua kubwa, maji yaliingia Darasa la Tano na sisi tukarudishwa nyumbani mpaka pakauke. Nyanya alinipokea na uji wa mtama wenye ndimu, mtamu ajabu, lakini hakuwa na raha. "Hii shule ya kurudi-rudi itakufikisha wapi?" aliuliza.

Ndipo akaja mwalimu mpya, mama mfupi mwenye sauti kubwa. Mvua ilipoanza hakuturudisha nyumbani, alitusimamisha barazani. "Maji inatoka wapi? Na inataka kwenda wapi?" Tukangoja atupe jibu. Wapi! Alitafuna njugu zake akatutazama tu. Tulidhani hajui.

Kesho yake tulikuja na majembe, tuyatafutie maji njia sisi wenyewe. Tulichimba mtaro kwa mbwembwe zote, na mvua iliponyesha maji yaliufuata vizuri sana, moja kwa moja hadi ofisini kwa mwalimu mkuu. Lo! Alitoka viatu mkononi.

Wazazi wakaitwa. Baba mmoja aliuliza, "Mwalimu, hawa watoto walikuja kusoma ama kulima?" Mwalimu mkuu akakata maneno: maji yakiingia tena popote, mama huyo atahamishwa, na sisi tutakaa nyumbani mpaka masika yaishe. Nililala na huzuni siku hiyo, maana nilishampenda.

Nilijua sasa lazima atatuonyesha pa kuchimba. Hata! Alitupeleka mtaroni akasema, "Mmekosea vizuri. Sasa mmejua maji inapenda njia gani. Mtafanya nini?" Tukabishana mpaka githeri ya mchana ikapoa. Msichana mmoja akachukua mkebe, akamimina maji chini, na wote tukayafuata tumeinama. Yaliteremkia nyuma ya jikoni, kwenye migomba. Tukaupindisha mtaro huko.

Mvua iliyofuata ilitukuta darasani. Hakuna aliyesoma, macho yote mlangoni. Maji yakaja, yakafika kizingitini, yakasitasita, kisha yakageuka yakaenda zake kwenye migomba. Tulipiga kelele mabati yakatetemeka! Mwalimu alitugeuzia mgongo akafuta ubao. Alipogeuka, macho yalikuwa mekundu. "Haya, fungueni Hesabu," akasema.

Mwanamke yule alikuwa na moyo, jamani. Kazi yake ilikuwa hatarini, na bado alituachia sisi tufikiri. Siku hizi hayupo tena duniani. Shule ina madarasa mazuri ya mawe, mtaro ulifukiwa zamani, na migomba imekatwa. Nilipita hapo sikupata hata pa kumwonyesha mwanangu.

Basi, mwenyekiti wetu aliufikia ukurasa wangu. "Mwalimu, hapa umeacha wazi. Jibu iko wapi?"

"Watoto wenyewe wataleta," nikamwambia.

Aliniangalia, akaiangalia ile nafasi, akafungua ukurasa unaofuata. Laiti mwalimu wangu angekuwepo aione nafasi hiyo, iko tupu vilevile.