Kimya cha Mzee Esekon

Lodwar nzima hakuna aliyejua kunyamaza kama Mzee Esekon. Wengine hunyamaza kwa kukosa la kusema. Yeye alinyamaza kikazi. Ukoo wake ukiwa na binti wa kuposwa, msemaji ni yeye. Akifika hujikalia juu ya ekicholong yake, kile kigoda kidogo ambacho mzee wa Kiturukana hukikalia mchana na kukilalia kichwa usiku, akafumba macho na kungoja. Waposaji wakitaja mbuzi, kimya. Wakitaja ngamia, kimya. Mwishowe wanaingiwa na hofu, wanaongeza bila kuombwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa Esekon ulikuwa umesikika mpaka Kerio.

Udhaifu wake ulikuwa mmoja tu, nao ni gari. Mtu huyu aliyewatoa jasho matajiri wa mifugo hakuweza kwenda mbali garini bila moyo kumchafuka. Ujanani alisingizia mashimo. Barabara ya Kakuma ilipotiwa lami, akawatangazia majirani kwamba sasa atasafiri kama waziri. Safari ya kwanza juu ya lami alitapikia kofia yake mwenyewe, ile yenye unyoya wa mbuni. Tangu hapo akasingizia lami, kwamba ni laini mno.

Mwaka huu kikaja na kizunguzungu. Akigeuka kitandani, paa la nyumba lilizunguka naye. Mkewe, Nakaale, alimburura hadi kwa Sally, daktari wa zahanati ya mtaani kwao. Sally alimlaza, akamgeuza kichwa huku na huku, akamtazama macho na masikio, kisha akampa vidonge.

"Hivi vitakusaidia kizunguzungu, na safari pia. Ukisafiri, meza kimoja, saa moja hivi kabla ya gari kuondoka. Kimoja, mzee. Vinaleta usingizi. Usichanganye na pombe, wala na dawa ya mafua, wala usishike pikipiki. Na kizunguzungu kikiendelea, urudi nikuone, usijiongezee."

Esekon alimsikiliza vile anavyowasikiliza waposaji: macho amefumba, na moyoni ameshaamua lake.

Haikupita muda simu ikaja kutoka Kakuma. Alikuwa Akiru, binti wa marehemu ndugu yake, ambaye Esekon alimpenda kuliko alivyopenda kukiri.

"Ejok, baba," alimsalimu kwa Kiturukana. "Hao watu wa Erupe wanakuja kuniposa."

Erupe alikuwa mvuvi wa Ghuba ya Ferguson, kijana mpole mwenye nyavu nyingi na mifugo michache.

"Waache waje," alisema Esekon.

"Baba, tafadhali. Hao ni watu wa ziwa, hawana wanyama mingi. Ukiwanyamazia sana watarudi kwao, na mimi sitaki mwingine."

Esekon alilegeza sauti. "Wakifika ngamia wa pili, nitakohoa. Ukisikia nimekohoa, ujue imekwisha."

Asubuhi ya safari alimeza kidonge kimoja, kwa utiifu kabisa. Kisha akaliona gari dogo walilokodi, akaikumbuka kofia, akameza cha pili. Moyoni alijiambia kwamba Sally alimpimia mtu wa kawaida, siyo mtu wa historia yake. Walipofika katikati ya njia upepo ukaleta vumbi, akaanza kupiga chafya. Mfukoni mwa shati kulikuwa na vile vidonge vya manjano vya mafua ambavyo kila nyumba inavyo. Akatupia kimoja kinywani. Nakaale alikuwa amekaa mbele na dereva, hakuona. Sikio la kufa halisikii dawa, na la Esekon lilikuwa limeshaisikia na kuipuuza.

Alishuka Kakuma kofia yake ikiwa safi. Alijiona mshindi. Ila ulimi ulikuwa mkavu, na miguu kama ya mtu mwingine.

Wazee walikaa kwenye kivuli cha nyumba ya mama Akiru. Msemaji wa waposaji alikuwa Lokol, mjomba wa Erupe, ambaye miaka ya nyuma, kule Kerio, alikuwa amenyamaziwa na Esekon mpaka akakaribia kubaki na fimbo tu. Lokol alimtazama adui wake akiegemea ukuta na kufumba macho, akaanza kutaja mbuzi.

Esekon alisikia mbuzi. Alimsikia ngamia wa kwanza vizuri kabisa, akatengeneza koo. Ngamia wa pili alimsikia kwa mbali, kama mtu anayeitwa ng'ambo ya mto. Akakiamuru kikohozi kitoke. Hakikutoka. Baada ya hapo hakusikia kitu.

Yaliyofuata alisimuliwa baadaye, na Nakaale hajachoka kuyasimulia mpaka leo. Lokol aliongeza ngamia. Mzee kimya. Akaongeza mbuzi. Mzee kimya, kidevu juu. Binamu za Esekon walifinyana kwa furaha: mzee leo amekaza. Lokol akataja mbuzi ambao mama yake Erupe huwakama, akajipangusa uso, akataja hata mashua. Mashua, Kakuma, ambako mto wenyewe ni mchanga. Aliponyimwa jibu hata kwa mashua, aliinuka, akaikwapua ekicholong yake.

"Huyu mzee anataka ziwa yote. Twendeni."

Akiru alikuwa nyuma ya ukuta akingoja kikohozi. Si desturi binti kuingia baraza linalomjadili yeye mwenyewe, lakini alichota kikombe cha maji akaingia, akamgusa baba yake begani.

"Baba."

Esekon alifumbua macho. Jambo la kwanza aliloliona ni machozi ya mtoto wa ndugu yake. La pili ni Lokol, amesimama na kigoda kwapani. Binamu mmoja akamnong'oneza: "Wamefika mbali sana, mpaka na boti. Wewe itikia tu."

Alikuwa na nafasi. Angetikisa kichwa tu, sifa yake ingevuka mpaka Uganda. Naye aliipenda sifa yake, tusidanganyane. Hakuwa na mali nyingine ya maana. Lakini Akiru alikuwa bado ameshika kile kikombe, na Esekon aliona haya kama ambavyo hakuwahi kuona.

"Mimi nililala," alisema, ulimi mzito. "Nilisikia ngamia wa pili. Hapo ndipo nilitaka kusema inatosha. Hizo zingine zote, rudisheni. Hata hiyo boti."

Hakuna aliyecheka, kwanza. Nakaale alikuwa ameingiwa na hofu kubwa. Mumewe hakuwahi kukiri kosa akiwa na afya. Akampigia Sally simu, na kwa kuwa hajui kuzima spika, baraza lote likasikia.

"Anapumua vizuri? Anaongea? Mdomo umepinda? Mkono mmoja umelegea?"

"Hapana, daktari. Ni usingizi tu, na kinywa imekauka."

"Amemeza nini?"

Nakaale akamtoa mfukoni pakiti mbili, akazisoma.

"Mama, hizo dawa mbili ni ndugu wa tumbo moja. Zote zinalaza, na kwa mzee zinaweza kumwangusha ama kumchanganya akili. Mpelekeni kituo cha afya sasa hivi apimwe. Mwende na pakiti zote mbili. Asiguse pombe leo, na asiachwe alale peke yake. Mzee ananisikia?"

"Naam, daktari."

"Nilisema vingapi?"

"Kimoja."

Hapo ndipo wazee walipocheka, wa pande zote mbili, mpaka mmoja akashikilia ukuta. Esekon aliwaacha wacheke.

Lokol mwenyewe alimwinua, akamshika mkono wa kulia, Akiru wa kushoto, wakaanza kumtembeza polepole kwenda garini. Njiani Lokol akashusha sauti.

"Esekon. Ile siku ya Kerio. Ulikuwa macho?"

Esekon alifikiri. Ukweli ulikuwa umeshamgharimu vya kutosha kwa siku moja. Akafumba macho, akanyamaza.

Walitembea. Lokol alivumilia kadiri alivyoweza.

"Sawa, basi," akasema mwishowe, "mbuzi mmoja juu, lakini ni huyo tu—"

Akiru akamfinya mkono baba yake. Mzee Esekon akakohoa.