Mashine Tuliyomnunulia Baba Mkwe

Watu wakisikia nyumbani kwangu kuna mashine inayofua na kukausha, swali lao ni moja: inafaa kununuliwa? Nami huwajibu kwa ukali kidogo, maana mimi muuzaji alinidanganya. Aliniambia naingiza chafu, natoa kavu, basi. Hakusema kwamba inafua nguo nyingi lakini inakausha nusu yake tu. Siku ya kwanza niliijaza mpaka mdomoni, nikaisubiri saa sita nzima kama mjinga, nikaja kukuta mashuka ya moto, yana majimaji, yamejisokota kama utumbo. Kutazama uniti za umeme, nikashika kichwa. Kama ni mashuka ya familia unayotaka kukausha, nunua ya kufua peke yake, kamba utaifunga uani.

Sisi tuliinunua kwa sababu ya baba mkwe wangu.

Alikuja kutoka Namtumbo masika yalipokuwa yamepamba moto, kutibiwa hapa Songea. Daktari alitaka kumwona kila wiki, kwa miezi kadhaa, na alisisitiza asikose. Mzee wa watu ni msafi, mpole, shati lake halikosi pasi, na misa ya asubuhi haimpiti. Mimi si wa huku. Nililetwa na kazi ya ualimu, nikaolewa hapa hapa, na mambo ya ukweni nimejifunza kwa kukosea.

Kosa kubwa nililifanya wiki yake ya pili. Niliingia kufagia chumba chake akiwa kanisani. Kulikuwa na harufu nzito. Nikainama nichungulie chini ya kitanda, nikapigwa na butwaa. Alikuwa amefunga uzi kutoka tendegu hadi tendegu, na juu yake ameanika vipande vya shuka kuukuu, vibichi, vingine vimeanza kuota ukungu. Mvua ilikuwa siku ya tatu haijakatika. Mzee mwenye wajukuu tisa anafua kwa kujificha, anaanika gizani, kisha anavivaa hivyo hivyo vibichi. Mimi nilikuwa namsalimia kila asubuhi na sijui lolote.

Alirudi akanikuta nimekishika kimoja mkononi.

"Mkamwana, weka hicho chini."

Nikaweka.

"Mkojo haunitii siku hizi," alisema akiwa bado mlangoni. "Na kwetu mkamwana hagusi nguo za ndani za mkwe wake. Jumatatu narudi nyumbani."

"Na matibabu, baba?"

"Nitafia kwangu."

Aliyasema bila hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Mume wangu alimbembeleza siku mbili, wapi. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania mashine. Nilisema: aingize mwenyewe, atoe mwenyewe, vitoke vikavu, kamba isihusike wala mtu asione. Mzee akatafakari, akakubali kwa sharti moja, kwamba siku ya zamu yake hakuna atakayeisogelea. Tuliiweka kwenye korido, mkabala na choo, kwa kuwa bomba liko hapo. Na hapa lazima niseme haki yake. Kwa vitambaa vichache vya mzee ilifanya kazi ambayo kwa mashuka yangu haikuiweza. Vilitoka vikavu, vina joto. Ndani ya wiki mbili alikuwa anatutania mezani.

Kisha Jumamosi moja jumuiya ikaja kusali kwetu. Mzee alikuwa ameingiza vyake mapema, akijua vitakuwa tayari kabla ya wageni. Umeme ukakatika katikati ya kukausha. Mashine ile umeme ukikatika haifunguki mlango, na mlango wenyewe ni wa kioo.

Mimi sikujua kwamba vyake vimenasa humo. Nilichoona ni kwamba rozari imeanza na mzee ameondoka kwenye kiti chake, amesimama koridoni, mgongo kwenye mashine. Fumbo la kwanza amesimama, la pili amesimama, la tatu miguu inamtetemeka na bado amesimama. Hasira zikanipanda. Nikaenda kumnong'oneza.

"Baba, njoo ukae. Watu watasema nimekunyima kiti."

"Niache hapa, mwanangu."

Sikumwacha. Nilichukua kiti chenye mto, nikakiweka katikati ya sebule, nikasema kwa sauti kwamba kiti cha baba kiko tayari. Wote wakageuka kumtazama. Angefanyaje? Akaja, akakaa.

Haikupita muda, mama mmoja akainuka kwenda chooni. Alirudi anatabasamu.

"Hongereni jamani. Kumbe humu ndani kuna kichanga? Naona nepi zimejaa kwenye mashine."

Hakuwa na nia mbaya, ila kila mtu pale anajua kitinda mimba wangu yuko darasa la tatu. Niliona jicho moja likienda kwa mzee, kisha la pili. Yeye alikuwa anatazama mikono yake na mdomo unamcheza. Nilijua kesho yake hatakuwepo, na kwamba nimemfukuza mimi, kwa kiti chenye mto.

"Ni vya kwangu," nikasema.

Wakanigeukia.

"Vitambaa ni vya kwangu. Nikikohoa, mkojo unanitoka. Nikibeba ndoo, unanitoka. Mwaka wa tisa huu. Tuendelee na rozari."

Waliendelea. Mimi nilikuwa nimekaa pale nashangaa ni nani aliyezungumza.

Wageni walipoondoka mume wangu alinishika bega. "Umemstiri baba," alisema. "Sikujua unaweza kudanganya namna ile." Nikaenda kurudisha viti. Vya kwenye mashine siku ile vilikuwa vya mzee, ni kweli. Vya kwangu vilikuwa chini ya godoro, upande ninaolala, vinasubiri siku ambayo nyumba itakuwa tupu. Miaka tisa sikuwahi kumwambia mtu, na mara ya kwanza nimeyasema mbele ya jumuiya nzima.

Asubuhi umeme ulikuwa umerudi. Nilimkuta mzee koridoni anakunja vitambaa vyake, kimoja kimoja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hakuinua macho. "Jana hukudanganya."

Nikajifanya nafuta kioo cha mashine.

"Ungekuwa unadanganya usingetaja miaka," alisema. Alimaliza kukunja cha mwisho, akaviweka vyote kwapani. "Jumatano naenda kliniki. Omba ruhusa kazini, twende wote."