Jogoo Chini ya Benchi

Wiki iliyopita nilikuwa Bwera, napakua chumvi na samaki wakavu, dereva mmoja aliyeshuka milimani akaniambia kwamba yule seremala wa Kyondo amefariki na ameshazikwa. Alinipa habari hiyo huku anafunga turubai, kisha akapanda lori lake akaenda zake. Nilikaa juu ya gunia nikashindwa kuendelea na kazi. Wasomaji wangu mmenizoea kwa mizaha, na huenda hata leo mzaha utaniponyoka, lakini jueni kwamba ninaandika kwa hasira. Mtu huyu alifukuzwa kazi na kutiwa aibu mbele ya mkwewe kwa kosa la kufuga kuku, na sijamsikia mtu hata mmoja akisema hadharani kwamba ilikuwa dhuluma.

Nilimfahamu alipokuwa fundi wa mbao katika kambi moja ya wafanyakazi pale Kasese, siku zile mji ulipoanza kujaa mabati. Kambi ilikuwa na nyumba za mstari, bomba la maji, na makatazo. Pombe marufuku, kulima mbele ya nyumba marufuku, kuku marufuku. Kuku, tuliambiwa, wanaleta uchafu na maradhi. Wakubwa wa kambi wenyewe walifuga bata mzinga kwenye majani yao, nao bata mzinga hao, nadhani, walikuwa wanapiga mswaki kila asubuhi. Seremala wangu alikuwa ameoa binti wa Mahango, na baba wa binti alikuwa ametuma salamu kwamba atashuka kuona mwanawe anaishi wapi. Nanyi mnajua mambo ya huko milimani: mkwe hachinjiwi kuku wa kununua sokoni. Anachinjiwa aliyekulia uani, ale akijua kwamba mwenyeji ana makao na si mpita njia. Mzee alikuwa amesema wazi kwamba akikuta uani hakuna kuku, atarudi na binti yake.

"Sheikh," aliniambia siku moja, maana mimi ni Mwislamu naye aliniita hivyo ingawa usheikh sina, "baba ya bibi yangu iko nakuja. Kama hapana kuku, yeye nabeba mutoto yake. Wewe utachinja, tule sisi wote, lakini funga mdomo." Ndivyo nilivyoingizwa katika siri. Alitengeneza benchi refu nyuma ya nyumba, zuri, la kukalia watu wanne, limezibwa mbao mbele na ubavuni, na nyuma likaegemea ukuta. Upande mmoja ubao mmoja ulitoka na kurudi kama mlango. Ndani waliishi mitetea wake. Jogoo hakuweka, kwa sababu jogoo hajui siri. Kinyesi alikizika kwenye migomba nje ya kambi, na chakula kilikuwa mchwa na makombo ya ugali. Tatizo lilibaki moja tu: kuku akishataga hupiga kelele, anataka dunia nzima ijue. Basi kila kuku alipoanza kutetea, jamaa alikamata nyundo akagonga ubao wowote uliokuwa karibu mpaka kuku aridhike. Kambi nzima ilimsifu kwa bidii yake.

Aliyemsifu zaidi alikuwa nyapara, mtu aliyewahi kuwa askari, ambaye aliamini kwamba bila kupiga kelele jua lisingechomoza. Nyapara alikuja kunywa chai pale nyuma, akaketi juu ya benchi lile lile, akaletewa mayai ya kuchemsha. Alikula. Hakuuliza yametoka wapi. Mayai mengine aliyachukua kofiani akampelekea mkewe. Jamaa aliniambia, "Afande anajua. Anakula, basi anajua." Nami niliamini hivyo, kwa sababu mtu mzima hawezi kudhani kwamba yai linatoka kwenye bomba la maji.

Mzee wa Mahango alishuka. Nilikwenda asubuhi yake kuchinja, nikamkuta mwenyeji wangu amekauka midomo. Mkwewe alikuwa amekuja na zawadi kwenye tenga: jogoo mwekundu, mkubwa, mwenye shingo kama ya diwani. Kumkataa ni kumtukana mzee. Kumchinja papo hapo haikuwezekana, kwani mzee alikuwa ametamka, "Huyu si wa kula. Huyu ni wa kukaa hapa, azalishe." Kwa hiyo jogoo alitiwa ndani ya benchi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini hawakuwahi kuishi kambini. Kabla sijashika kisu, nyapara akafika kunywa chai yake, safari hii ameongozana na mkubwa wa kambi aliyekuwa anakagua mitaro. Akaketi palepale alipozoea. Jogoo akawika chini yake.

Nyapara aliruka kana kwamba amekalia makaa. Nilidhani atacheka. Badala yake alipiga kelele kuliko wote. "Nani naleta kuku hapa? Mwizi wewe! Fungua! Upesi!"

"Afande," jamaa alisema taratibu, "yai unakula kila siku, iko natoka wapi?"

Aliamriwa avunje benchi kwa nyundo yake mwenyewe, ubao kwa ubao, mkwewe akitazama, kisha aondoke kambini kabla ya jua kuzama. Pigo la kwanza alilikosea, fundi ambaye sikuwahi kumwona akikosa msumari. Mitetea wakachukuliwa "kwa uchunguzi", na mchana ule jikoni kwa nyapara palinukia vizuri sana. Jogoo peke yake ndiye aliyeponea, kwa kuwa mzee alimkumbatia akasema, "Hii iko yangu. Nimekuja nayo, narudi nayo." Halafu akamgeukia mkwewe, mtu niliyedhani anakwenda kupoteza mke. "Na wewe pia narudi na mimi. Mutu nalinda kuku ya mugeni namna hii, huyo ni mutoto yangu."

Kuku wa maskini, wanasema, hata akiangua, mwewe huchukua. Ninachokiona kichungu ni kwamba mwewe wetu alishiba kwanza, ndipo akakumbuka sheria. Tunajengewa miji, tunaambiwa huu ndio ustaarabu, na kitu cha kwanza tunachonyang'anywa ni uwezo wa kumpokea mgeni. Sheria inayokaliwa kuku wanapotaga na kusimamiwa jogoo anapowika si sheria, ni unafiki uliovaa kofia. Usafi tunaujua. Yule seremala alikuwa msafi kuliko waliomfukuza.

Juzi nilipanda Kyondo, kwao marehemu, kuhani. Mjane alinipokea, akalia, nami nikalia. Nilipoaga alinikabidhi jogoo mwekundu, wa uzao wa yule yule, kama adabu ya kwao inavyotaka kwa mgeni anayeondoka. Nyumbani kwangu Kasese, kama ilivyokuwa kambini, kuku ni marufuku. Nimemfungua uani, mbele, si chini ya benchi, na leo alfajiri amewika mpaka majirani wakatoka nje. Anayetaka kujua ni wa nani asisumbuke kupeleleza. Ni wangu, nimeshaandika. Na akija kumkamata, aje kabla hajala mayai ya mtu.