Gunia la Kilo Mia na Kumi

Hata leo nikipita Kasumbalesa, pale malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka kwenda Zambia, harufu ya turubai lililolowa na kuanza kukauka juani hunifanya nikunje ngumi. Madereva hunicheka. Hawajui kwamba nimekasirika, na kwamba hasira yenyewe imeshafika umri wa kuolewa.

Gunia letu la ndondi lilishonwa kwa turubai kama hilo. Tulikaa Ruashi, mtaa ulio kando ya mgodi. Mimi nilikuwa na miaka kumi, sijaacha shule bado, ila nilikuwa nimeanza kuitazama kwa jicho baya. Dada yangu Kapinga alikuwa na kumi na mitano. Asubuhi alijifunza kushona kwa Papa Ramazani, fundi cherehani ambaye wazee wake walitoka Maniema. Jioni alijifunza ndondi kwa mwalimu wetu, Maître Kazadi, ndani ya nyumba isiyo na paa ambayo mwenyewe alikuwa bado anaijenga chumba kwa chumba. Mkono wa kulia wa Kapinga ulikuwa unafika kabla hujaona bega likisogea. Mwezi wa kumi na mbili angepambana na msichana wa klabu moja ya Katuba, na mimi nilikuwa nimekwisha kuwatangazia watoto wote wa mtaa kwamba ameshinda.

Kilichokosekana ni gunia la kupigia. Maître alipewa turubai na dereva mmoja, akalipeleka kwa Papa Ramazani, akasema atalijaza mchanga. Nilikaa chini ya meza ya kukatia nikitazama, maana nilipenda kujua kila kitu kinavyotengenezwa. Papa Ramazani alishona mshono mara tatu, akageuza, akashona tena. Kisha akasukuma kwa mguu viroba viwili vya mabaki ya vitambaa.

"Maître, ujaze na hii. Ukate-kate, utoe vifungo na zipu, ushindilie kidogo kidogo. Muchanga itashuka chini, itakuwa jiwe. Na sac, gunia hii, isipite nusu ya uzito ya mutoto mwenye kuipiga."

Alijua alichosema. Ujanani alipiga ndondi huko Kindu, na pua yake ilikuwa ushahidi.

Maître akacheka. "Papa Ramazani, minakuomba sac, weye unanipa coussin ya kuweka kichwa? Batoto bangu habaendi kulala!"

Wanaume waliosimama mlangoni wakacheka naye. Nikatoa kichwa chini ya meza. "Lakini Maître, muchanga inashuka kweli. Hata mu chupa inashuka."

"Aba! Mutoto anafundisha mukubwa? Toka pale, enda usome."

Wakalijaza mchanga wa mgodi, ule mzito unaobaki mawe yakishaoshwa. Ruashi tulizoea kuona kitu kikisifiwa kwa uzito wake. Mawe yakiwekwa kwenye mizani, wanaume hunyamaza kama wako kanisani. Kwa hiyo wanaume wanne wakalibeba gunia hadi kwa mnunuzi wa madini, wakalipima kwa fahari tu. "Kilo mia na kumi!" Wakapiga kelele kana kwamba limefaulu mtihani. Kapinga naye akapanda mizani kwa mchezo. Kilo arobaini na sita. Hakuna aliyegeuka kusoma isipokuwa mimi.

Juma la kwanza gunia lilikuwa zuri, au tulijiambia hivyo. Halafu mvua zikaanza. Maji yaliingia kwa juu, mchanga ukashuka na kujikaza, na nusu ya chini ikawa ngumu kiasi kwamba nilipoegemea haikubonyea hata kidogo. Sisi watoto tuliacha kulipiga mateke. Kapinga aliendelea, kwa sababu mechi ilikuwa karibu. Vifundo vya vidole vyake vilivimba. Usiku alivikanda kwa maji ya chumvi, mimi nikishika bakuli.

Jioni moja alishusha mikono. "Maître, sac iko inaniumiza."

"Maumivu njo mwalimu. Piga chini, ku tumbo! Ule wa Katuba hatakuonea huruma."

Akapiga. Nilisikia mlio kama wa kijiti kikavu kikivunjwa kuwasha moto. Gunia halikuyumba. Kapinga akakaa chini polepole, akauweka mkono mapajani kama mtu anayelaza kifaranga. Kwenye kituo cha afya walisema mifupa miwili ya kiganja imevunjika, wakamfunga plasta mpaka kiwiko.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo damu yangu huchemka. Siku ya tatu Maître akatuma ujumbe kwamba ameudhika. Mwanafunzi akivunjika mikononi mwake, jina lake linaharibika, na msichana huyu alipiga vibaya kwa sababu hakusikia mafundisho.

Kwetu, ukimkosea mkubwa unakwenda na kuku, unapiga magoti, unapiga makofi ya viganja vilivyokunjwa, taratibu, kabla ya kufungua kinywa. Nilidhani mama ataenda kumfokea. Mama alimkamata kuku wetu pekee aliyekuwa anataga, akafunga kitambaa kichwani, akaenda kupiga magoti.

"Maître, tunaomba musamaha. Mutoto hakusikia vile ulimufundisha."

Kapinga alipiga magoti kando yake. Kwa plasta ile hakuweza kupiga makofi, basi alijipiga paja kwa kiganja cha kushoto. Pa. Pa. Pa. Maître alimwacha aendelee muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akasema, "Nimesamehe," akapokea kuku.

"Amesamehe nini?" nilipiga kelele mlangoni. "Sac njo ilimuvunja! Papa Ramazani alisema!"

Mama aligeuka akanizaba kofi. Maître akatikisa kichwa. "Huyu, mama, huyu njo atakusumbua."

Mechi ilipita bila Kapinga. Vidole viwili vilipona vikiwa vimepinda na havikufunga ngumi tena. Papa Ramazani alimfundisha upya kukata kitambaa, safari hii kwa mkono wa kushoto, na hakusema hata mara moja kwamba aliwaonya. Mimi niliacha shule, nikaanza kuzunguka: Likasi, Kolwezi, Kasumbalesa, nikiosha malori, nikibeba mizigo, nikiuliza watu maswali yasiyonihusu. Miaka yote hiyo nilimkasirikia mama kuliko Maître.

Halafu huko Likasi nikapata kazi ya kufagia ukumbi wa mazoezi, na pa kulala humo humo. Asubuhi moja nikamkuta mwenye ukumbi akijaza mchanga kwenye gunia la ndondi. Nilijua. Nikaendelea kufagia. Siku tatu niliwasikia wasichana wakilipiga, nami nikanyamaza, kwa sababu godoro langu lilikuwa chini ya paa lake. Hapo ndipo nilipomwelewa mama. Orodha ya mechi za mwaka uliofuata ilikuwa mikononi mwa Maître, na mama aliamini mkono utapona. Alipiga magoti ili mlango usifungwe. Kumwelewa hakukunipoza; kulinionyesha tu kwamba mtu mzima anayejua ukweli anaweza kunyamazishwa kwa kitu kidogo, na kwamba anayemnyamazisha huwa anajua hivyo.

Siku ya nne nilichukua kisu nikalipasua. Mchanga ukamwagika sakafuni, nami nikafukuzwa na kifurushi changu.

Nilimpigia Kapinga simu kutoka barabarani. Alicheka mpaka akakohoa.

"Ulipasua ku mushono ao ku kitambaa?"

"Ku kitambaa, dada. Katikati."

"Ni muzuri. Mushono bangeshona tena." Nilisikia cherehani yake ikisimama. "Na ile siku tatu, ulikuwa unangoya nani?"

Nilikuwa nangoja mkubwa mmoja aseme, na ndani ya ukumbi ule, kati yangu na wale wasichana, mkubwa nilikuwa mimi.