Ada ya Wenyeji

Chuo chetu kilipotangaza kwamba wanafunzi wa kigeni wanaoishi katika jimbo la Guangdong, hapa China, wataruhusiwa kulipa ada sawa na wenyeji, nilipiga magoti chumbani nikamshukuru Mungu. Ufadhili wangu ulikuwa umekatika. Bila ada hiyo ningerudi Singida na nusu ya shahada ya ufamasia, na mpaka leo sijui nusu mfamasia hufanya kazi gani.

Walitaka uthibitisho wa makazi. Mtu mwingine angepeleka ile karatasi ya polisi ambayo kila mgeni anayo, yakaisha. Mimi Mtanzania. Kwetu shughuli yoyote ya maana inataka mjumbe wa mtaa aseme anakujua, na karatasi isiyo na mtu nyuma yake hainipi amani. Kwa hiyo nilimwomba bibi aliyenipangisha chumba mtaa wa Xiaobei aje anishuhudie. Namwita A-po, kama wanavyoitwa bibi wote wa huku. Alivaa koti la hariri, akapaka rangi ya mdomo, na kwenye metro akanikemea njia nzima kwa sababu ya viatu vyangu.

Kijana wa ofisi ya chuo alikuwa mtu wa kaskazini, Kikantoni cha huku hajui hata cha kuombea maji. A-po naye Kimandarini hataki kukitia mdomoni. Ikabidi mimi, mgeni ninayeomba kuhesabiwa mwenyeji, niwatafsirie Wachina wawili. A-po alisema mimi ni msichana safi, sina makuu, na nilimuuguza alipoteguka mguu. Nikatafsiri huku nikiona haya. Akasema pia nakaanga vitunguu mpaka mapazia yananuka, na milango naibamiza utadhani nina ugomvi nayo. Hayo nilitaka kuyaruka, lakini alinikazia macho. Kijana akauliza, kwa uzito kabisa, kama navikaanga kila siku.

Kisha akaomba kitambulisho cha shahidi. Akakigeuza huku na huku, akanieleza kwa upole kwamba ayi huyu, yaani mama huyu, si mtu wa Guangdong. Ameandikishwa Guangxi, jimbo la jirani, alikozaliwa. Nikamwambia ameishi hapa tangu usichana wake, amezaa hapa, amezika mume hapa. Akasema anaelewa, ila mama huyu hawezi kumshuhudia mtu kuwa mwenyeji. Akauliza kama sina ile karatasi ya polisi. Ilikuwa mkobani mwangu. Akaigonga mhuri bila hata kuisoma.

Basi nikawa mwenyeji. Furaha ilinijaa, na papo hapo nikatamani ardhi inimeze. A-po alinivuta mkono akitaka kujua kijana amesema nini.

"Amesema ahsante, A-po. Bila ushahidi wako nisingepata."

Alirudisha kitambulisho kwenye pochi, akafunga zipu polepole.

"Kimandarini sikisemi," akasema, "lakini hayo aliyosema kijana nayaelewa. Nimeambiwa tangu nilipofika mjini hapa."

Alisimama, akaninyoosha kola ya shati kama anavyofanya kila asubuhi nikienda darasani. Halafu akamgeukia kijana na kumwambia, kwa Kimandarini kilichonyooka ambacho sikuwahi kumsikia nacho:

"Mtunzeni mwenyeji wenu. Hajala tangu asubuhi."